Etiketi bila jina la mwenye kuibandika: RFC 8819 ku macho ya mutu wa kilimo

Bandugu, najua wengi wenu mukiona neno RFC mutapita mbio, juu munafikiri ni mambo ya ba informatiki peke yao. Musipite. Andiko ninalotaka tulipime leo ni fupi, lilitoka Januari 2021 kwa namba 8819, na kichwa chake ni «YANG Module Tags». Waandishi ni watatu: Christian Hopps, Lou Berger na Dean Bogdanovic. Wanaongea jambo moja tu: namna ya kubandika etiketi juu ya vipande vya modeli ya data, ili mutu aweze kuvipanga, kisha kuviuliza maswali. Hii kazi sisi wote tunaifanya bila kuipa jina: ku fomu za anketi, ku tablo ya Excel ya koperative, hata ku mifuko ya mbegu yenye tunaandika na marker kabla mvua haijanyesha.

Maoni yangu niyaweke mezani mapema. Andiko ni zuri, lina wazo moja ambalo ningependa watu wa kilimo waliibe leo leo, na lina shimo moja. Shimo lenyewe njo sababu ya kuandika.

Tuanze na YANG yenyewe, kwa wale hawajaisikia. Ni lugha ya kueleza data ya vifaa vya rezo. Toleo lake la kwanza ni la 2010, la pili (1.1) ni la 2016. Ile ruta inayopitisha ujumbe wako wa WhatsApp iko na vitu vingi vya kupangwa: milango yake, njia zake, saa yake, nani ana haki ya kuingia. Kila jambo linaelezwa ndani ya moduli moja, na moduli iko na jina. Ya milango inaitwa ietf-interfaces. Za kutafuta njia, kuko ietf-rip, kuko ietf-ospf, na zingine. IETF, shirika linaloandika sheria za intaneti, linatoa za kwake. Kila mutengenezaji wa mashine anaongeza za kwake. Na mwenye rezo naye akitaka anaweza kuandika zake. Ku mashine moja tu unaweza kukuta mamia ya moduli.

Sasa mutu anauliza swali la kawaida: nionyeshe moduli zote zinazohusu njia. Bila etiketi, lazima awe anajua majina yote kwa kichwa. Angalia ietf-rip: ndani ya hizo herufi hakuna kitu kinachokuambia «mimi ni ya njia». Jina linamusaidia yule anayejua tayari. Ni kama muzee anakuomba umuonyeshe mimea yote ya dawa ya bustani, na wewe mukononi uko na listi ya majina ya Kilatini tu.

Dawa ya kwanza ilikuwa ni makabati. Mwaka 2017 kulitoka RFC 8199, ikagawanya moduli kwa njia mbili: kwa ngazi (inaeleza kifaa kimoja, ama inaeleza huduma nzima ya rezo?) na kwa asili (imetoka ku shirika la standard, ku mutengenezaji, ama ku mutumiaji?). Ni muzuri, lakini hayo ni makabati mawili tu, na swali la watu halikai kila siku ndani ya kabati. RFC 8819 haikuyatupa. Iliyachukua ikayageuza kuwa etiketi kama etiketi zingine, halafu ikaongeza za kazi: ietf:routing kwa mambo ya njia, ietf:protocol, ietf:hardware, ietf:system-management na kadhalika. Moduli moja inaweza kuvaa etiketi nyingi kwa mara moja. Ukiuliza «zenye ietf:routing», zinakuja, hata kama hujawahi kusikia jina la hata moja kati yao.

Hapa mimi mutu wa kilimo nasimama kidogo, juu tofauti ya kabati na etiketi sisi tunaila kila siku na bugali.

Chukua muhogo. Linnaeus aliuandika 1753 kwa jina la Jatropha manihot; Crantz akaja 1766 akauita Manihot esculenta, na njo jina limebaki. Ku mti wa botaniki muhogo uko na nafasi moja, na ni haki iwe moja, juu botanisti anauliza swali moja: huyu ni ndugu wa nani? Lakini ukishuka ku soko, muhogo ni mizizi, unatoa unga. Muhogo ni mboga pia, juu sombe inatoka wapi? Na muhogo ni mbegu, juu ile miti inayobaki kisha kuvuna inakatwa vipande na kuuzwa kwa wenye kutaka kupanda. Mumea moja, masoko matatu, na mara mingi ni watu watatu tofauti wanaoshika pesa. Hata ku sahani haiko kitu kimoja: mizizi ni nguvu tupu, proteini ni kidogo sana, majani njo yanayoleta proteini.

Nilifanya anketi moja ya shirika fulani, jina tuliache. Fomu ilikuwa na «aina ya zao kuu»: nafaka, mizizi, mboga, matunda. Jibu moja tu, telefone haikubali mbili. Kukakuja mama mwenye shamba la muhogo ambaye mizizi yake alikuwa anaigusa mwisho kabisa. Kazi yake ya kila wiki ilikuwa kukata majani na kupeleka sombe ku soko. Fomu ikamutia ku mizizi. Kisha ripoti ikauliza: ni wamama wangapi wanaishi na mboga? Yeye hakuhesabiwa, na mafunzo yaliyofuata yakaenda kwa wenye lenga-lenga na kabichi. Mama hakusema uongo, na aliyeuliza hakusema uongo. Kabati lilikuwa na mlango moja tu.

Kwa hiyo wanaosema etiketi ni mapambo, ni kitu cha vijana wa hashtag, mimi siko nao. Kuchagua kati ya kabati na etiketi ni kuchagua nani ataonekana wakati swali litakapoulizwa.

Turudi ku andiko. Sehemu yake nzuri ya kwanza ni viambishi. Kila etiketi inapaswa kuanza na neno linaloonyesha nani ni mwenye maana yake. Viko vitatu: ietf: kwa zile za shirika, vendor: kwa za mutengenezaji, user: kwa za mutumiaji. Za ietf: haziundwi ovyo, zinapita ku ukaguzi, kisha zinaandikwa ku rejista ya IANA, ofisi inayotunza namba na majina ya intaneti. Za user: haziandikishwi popote, unaziunda wewe mwenyewe ku kazi yako.

Naipenda hii juu haimulazimishe mukulima kuongea kama labo, wala labo kuongea kama mukulima. Sisi tuko na mfano wetu. Kuko aina ya muhogo yenye watafiti wanaiita TME 419. TME ni kifupi cha Manihot esculenta wa nchi za joto, ni alama ya IITA. Nenda upande wa Kinshasa na Kongo-Central, uulize TME 419: mukulima atakuangalia tu. Uliza «Obama», atakuonyesha shamba. Ni muhogo ule ule. Ku listi nyingi nilizoona, hayo majina mawili yanagombana: mwenye kupanga tablo anafuta moja ili abaki na «la kweli». Kwa mantiki ya viambishi hakuna ugomvi. Moja ni etiketi ya labo, ingine ni etiketi ya watumiaji, zote zinakaa juu ya kitu kimoja, na kila mutu anauliza kwa neno analolijua. Jina la mukulima halipandi cheo kuwa jina la labo, lakini halifutwi pia.

Sehemu ya pili ni uhuru. Waandishi wanasema wazi kwamba, ukitoa kiambishi, hawataki kuweka muundo wowote ndani ya etiketi, na wamefanya hivyo kwa kusudi, ili wasimufunge mutu bila sababu. Mwenye kutaka muundo ajitengenezee.

Hapa ninagawanyika. Upande moja wako na haki: muundo uliofungwa mapema unazeeka vibaya. Lakini kuko njia ingine, na wale wanaofanya kazi Goma ama Bukavu ku mashirika ya msaada wanaijua, hata kama hawajui jina lake: HXL, ile mistari ya hashtag inayokaa chini ya vichwa vya tablo. Unakuta #adm1 kwa provense, #org kwa shirika, #affected kwa watu walioguswa. Kisha unaongeza sifa kwa alama ya kujumlisha: #affected+f+children ni watoto wasichana walioguswa. Neno la mbele linatoka ku listi ya pamoja, sifa za nyuma zinaongezwa kulingana na kazi. Ukiuliza #affected peke yake zinakuja zote. Ukiongeza +f zinabaki za wanawake na wasichana. Yaani muundo mudogo sana, wa ngazi mbili tu, umetosha kufanya swali lipanuke ama lifinywe. RFC 8819 haina hiyo. Kwayo ietf:routing ni jiwe moja zima: haina ndani yake «ya njia, ya ndani ya shirika, ya majaribio». Ukitaka hayo yote, unabandika etiketi tatu pembeni pembeni, na hakuna kinachosema kwamba zinaendana. Mimi ningechukua ile ya HXL. Lakini ni kosa dogo, mutu anaweza kuishi nalo.

Kosa kubwa liko ku wazo zuri kuliko yote, na njo maana ninaomba muwe na subira.

Etiketi zinaingia kwa mikono mitatu. Mwandishi wa moduli anaziandika tangu mwanzo. Mutengenezaji wa mashine anaongeza zake. Mutumiaji anaongeza zake wakati mashine iko ku kazi. Sasa mutumiaji akiona etiketi ya mwandishi ama ya mutengenezaji haisemi kweli, atafanya nini? Hana haki ya kuingia ndani ya moduli na kuifuta. Andiko linamupa listi ya pili, pembeni ya ile ya tag, inaitwa masked-tag. Etiketi ukiiandika humo, inafunikwa. Haiharibiwi ku chanzo, lakini mutu akiuliza mashine, haionekani tena.

Kwa mimi hili ni wazo la heshima kubwa. Linamwambia mutu wa chini: wewe njo unaishi na hiki kitu, wewe unaweza kusema «hapa kwangu hii si kweli», bila kuomba ruhusa ya mbali. Muwaze listi za aina za mbegu zinazokuja na sifa «inavumilia jua kali», na mukulima wa mulima fulani amepanda misimu mitatu ameona haivumilii kitu. Leo hana mahali pa kuandika hilo. Anaacha tu kununua, na listi inabaki inajisifu.

Lakini tuangalie vile hesabu inafanywa. Moduli yenyewe inaeleza hatua tatu za kupata listi ya mwisho. Kwanza, etiketi za mfumo zinaingizwa. Pili, etiketi za watumiaji zinaongezwa. Tatu, kila etiketi inayolingana na iliyofunikwa inaondolewa. Soma tena hatua ya tatu. Haisemi inaondolewa ya mfumo peke yake. Inaondolewa yoyote, hata ile mutumiaji mwingine ameiweka hatua moja nyuma. Mwenye kufunika njo anasema neno la mwisho.

Sasa weka hiyo pamoja na mfano ambao waandishi wenyewe wanautoa ku utangulizi. Wanasema etiketi zitasaidia timu nyingi zinazotumia mashine moja bila kuongozwa na mukubwa moja: timu moja inaweza kutia alama moduli ambazo hazijahakikishwa kama zinafanya kazi vizuri, ili timu zingine zisiziguse. Muzuri kabisa. Tuseme timu ya Bukavu imebandika user:haijapimwa. Timu ya Goma iko na programu inayoheshimu hiyo alama na kuzunguka. Anakuja wa tatu, amechoka na maonyo kila asubuhi, anaweka ile alama ku masked-tag. Kuanzia siku hiyo, programu ya Goma ikiuliza, hakuna kitu. Inaingia. Bukavu hawakufuta alama yao, bado iko ku mipango waliyoandika. Ni jibu la mashine tu ambalo halina tena.

Nani alifunika? Lini? Juu ya nini? Ndani ya modeli hakuna nafasi ya hayo. Kuko jina la moduli, kuko tag, kuko masked-tag, basi. Mashine inaweza kuonyesha kama etiketi imetoka ku mfumo ama ku mipango ya watumiaji, lakini «watumiaji» ni neno pana kama Lualaba: halikuambii ni nani kati yao.

Tusiwaonee waandishi. Hatari hii waliiona. Ku sehemu ya usalama wanasema kwamba kama unapanga vitendo fulani vifuate etiketi, ni juu yako kuwaza madhara yake, pamoja na uwezekano wa etiketi yako kufunikwa na mutumiaji mwingine. Yaani wameona shimo, wakaweka tawi la mti pembeni ya barabara, sawa vile madereva wa malori wanafanya wakipata pane. Tena ni kweli kuko sheria zingine ku YANG zinazosema nani ana haki ya kuandika wapi, na musimamizi mwenye akili anaweza kumunyima yule wa tatu haki ya kugusa masked-tag. Lakini haki ya kuandika ni jambo moja, na kumbukumbu ya aliyeandika ni jambo lingine. Ukimunyima, umeua lile wazo la heshima nililolisifu hapo juu. Ukimuruhusu, hana mahali pa kuandika sababu yake, hata kama ni sababu ya kweli.

Mutaniuliza: wewe mutu wa mihogo, ruta ikikosea kitu gani kitakufa? Pengine hakuna. Lakini hii namna ya kupanga data haibaki ku ruta, inashuka mpaka ku tablo zetu, na huku kwetu kuko etiketi ambazo zikifunikwa vibaya mutu hatembei tena.

Sisemi mufano. Muhogo uko tamu na uko chungu. Ule chungu una vitu vinavyotoa sianidi, lazima uloweshwe ndani ya maji siku tatu ama ine kabla ya kuanikwa na kusagwa. Wakati wa njaa ama wa biashara ya haraka watu wanapunguza siku za kulowesha, na chakula kikiwa ni muhogo karibu peke yake, inakuja konzo: miguu inakufa kwa ghafula na haiponi. Daktari Trolli aliieleza 1938 kule Kwango, na jina lenyewe ni la Kiyaka. Kahemba inaijua mpaka leo. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa.

Sasa etiketi «chungu» ku listi ya aina za muhogo ni neno la namna gani? Haiko kama ietf:routing, ambayo moduli ikiwa ya njia leo itakuwa ya njia kesho. Muhogo ule ule, ukipata mwaka wa jua kali, sumu yake inapanda. Kwa hiyo «chungu» inataka shamba na msimu. Na mutu akiifunika, juu ku kwake ilitoka tamu mwaka wa mvua nzuri, amesema kweli ya kwake. Yule anayekuja nyuma yake na kuuliza «nionyeshe aina zote zisizo chungu» anapata jibu safi, fupi, lisilo na jasho la mutu yeyote juu yake. Hajui kwamba kulikuwa na mabishano. Jambo lililokuwa linabishaniwa sasa ni orodha.

Hapo njo ninaachana na waandishi. Wametengeneza etiketi kama vile etiketi zote ni za aina moja, kumbe kuko mbili. Kuko inayosema kitu ni cha kundi gani: hii haihitaji sahihi, inaweza kukaa hivyo miaka. Na kuko inayotoa hukumu: imehakikishwa, haijapimwa, ni salama, usiguse. Hukumu bila jina la mwenye kuhukumu na bila tarehe, huku kwetu tunaiita uvumi. Andiko lilitoa mufano wake wa pili kutoka ku hukumu, likaupa chombo kilichotengenezwa kwa makundi.

Angalieni pia hili, dogo lakini linaongea. Kwa etiketi za vendor:, andiko linashauri mutengenezaji aongeze jina la shirika lake nyuma ya kiambishi, ili za huyu zisigongane na za yule. Ushauri muzuri. Kwa user: ushauri huo haupo, hata kiambishi chenyewe kinapendekezwa tu, hakilazimishwi. Yaani kampuni iko na jina, mutumiaji ni «mutumiaji». Sidhani ni dharau, pengine waliwaza rezo moja na musimamizi moja. Lakini wao wenyewe ndani ya utangulizi walishataja wateja wengi wanaojitegemea juu ya mashine moja.

Je, ingebidi kuandika andiko lingine? Sioni. Ule uhuru niliokuwa naulalamikia unatosha kuziba shimo, juu hakuna anayekukataza kuweka muundo wako. Wale kati yetu wanaojenga baze za data za mbegu, za koperative, ama za rezo kweli, wanaweza kuanza kesho: makundi waandike bila mapambo, hukumu waandike na jina na mwezi ndani yake. Kama user:haijapimwa:bukavu:2025-03. Neno la hukumu likae mbele, ili mwenye kuuliza atafute etiketi zote zinazoanza na user:haijapimwa na zije zote, za Bukavu na za Goma, za mwaka huu na za zamani. Ku listi ya mihogo itakuwa user:chungu, kisha jina la kijiji, kisha msimu. Ni ndefu, inachosha vidole, na ku tablo ya Excel itakula nafasi ya kolone. Lakini Goma na Bukavu wakibandika hukumu moja juu ya kitu kimoja, zitakaa mbili, na kufunika ya moja hakutazima ya ingine.

Na kufunika kunafanywa kwa usawa wa herufi, etiketi yote nzima, haitoshi kuandika mwanzo wake. Yule wa tatu, aliyechoka na maonyo ya asubuhi, akitaka kunyamazisha ile alama itabidi aandike kwa mukono wake haijapimwa, kisha bukavu, kisha 2025-03.